Spika za Nyuma Tulizomchagulia Baba kwa Macho

Jumamosi, Bariadi. Jua limewaka tangu saa mbili asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na mimi nina hasira ambayo hata kufua mashuka yote ya nyumba hii hakujaipunguza.

Nina hasira na muuza spika. Nina hasira na kaka yangu Masanja. Lakini kwa kuwa huu ni ukurasa wangu mwenyewe, acha niseme ukweli: ninayemkasirikia zaidi ni mimi.

Baba anaishi na mimi na wanangu wawili tangu mwaka jana, presha ya macho ilipommalizia jicho la pili. Huyu ni mtu aliyependa sinema kuliko chakula. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitoka zamu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nyuzi bado zimemganda kichwani, anatubeba mimi na Masanja kwenye baiskeli mpaka banda la video. Wakati wa kurudi anatusimulia upya sinema ile ile tuliyotoka kuiona, na kwake ilikuwa tamu zaidi. Sasa tukiwasha TV anainuka, anapapasa ukuta, anaenda chumbani. Siku moja nilimfuata, akaniambia sinema ni za wenye macho. Siku hizi hata chakula anaomba apelekewe huko huko.

Hilo ndilo linaloniuma. Namwona Baba anahama sebuleni kidogo kidogo, na mimi nataka arudi.

Amplifaya tunayo, ina matundu ya spika tano. Niliinunua kwa jirani aliyehamishwa kikazi. Spika tatu za mbele zinapiga vizuri, ila nyuma ya kochi palikuwa patupu. Nikasoma mtandaoni kwamba spika mbili za nyuma ndizo zinazoleta hatua za mtu anayekujia mgongoni, mvua inayokuzunguka, mlango unaofungwa ukiwa hujageuka. Nikasema dawa ya Baba ni hii. Hataona, lakini atajua nani yuko wapi. Mimi ni mtu wa kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu, kwa hiyo nilikuwa natafuta za bei ya chini, basi.

Jumamosi iliyopita Masanja akaja kutoka Malampaka, tukaenda dukani wawili. Tulimficha Baba ili tumfurahishe. Sasa, huku kwetu spika inajaribiwa hivi: unawekwa muziki wa ngoma, sauti inafunguliwa mpaka mwisho, bati la duka likitetemeka na wapita njia wakisimama, watu wanasema hiyo ndiyo spika. Masanja alikuwa anacheza mabega pale mlangoni utadhani tuko harusini. Akapenda mbili ndefu, kila moja ina maduara manne ya rangi ya fedha na taa zinazobadilika rangi. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na spika ndogo mbili nyeusi, za mtumba, bei nafuu kuliko zile. Niliziangalia nikaona zitaniaibisha kwa wageni.

Taa za rangi, kwa mtu asiyeona. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nilitoa hela nikalipa.

Jumapili baada ya kanisa tukamkalisha Baba katikati ya kochi, watoto huku na huku, Masanja ameshika rimoti kama mwenyekiti wa kikao. Sinema ikaanza. Sisi tunashangilia taa, Baba kimya. Haikufika nusu saa akasema usingizi umemshika, akapapasa ukuta akaondoka. Masanja akasema mzee siku hizi hana shukrani. Na mimi nilimkubalia! Nilisema kwa mdomo wangu huu, "Kweli kabisa, haridhiki na kitu." Wiki nzima nimekuwa nikimpelekea chai huku nimemnunia.

Leo asubuhi nimeingia sebuleni na ndoo ya kudekia, nikamkuta Baba amechuchumaa nyuma ya kochi. Redio inapita kwenye amplifaya, sauti ya chini kabisa, na yeye ameweka viganja kwenye zile spika, anahama duara moja baada ya jingine. Kiwandani alikuwa hivyo hivyo, akigusa tu mashine anajua beringi ipi imechoka kabla fundi hajafungua boksi lake la spana.

Akanishika mkono, akaniwekea kidole kwenye duara la chini. Linatetemeka. Akakipandisha. Kimya. La tatu kimya, na la juu kabisa kimya.

"Hili moja ndilo linalofanya kazi, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita nikiwa nimemtia huruma. "Hayo mengine ni sahani tu. Na mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikabeba spika, nikamkamata Baba mkono, tukapanda bajaji mpaka dukani. Njia nzima napanga matusi. Kufika, muuzaji hata hakushtuka. Akacheka! Akaniambia, "Dada, hayo ni mapambo, kila mtu anajua," halafu akamsogezea Baba kiti na kuniuliza mimi, "Mzee anapenda rangi gani?" Jamani. Mzee amesimama hapo hapo, masikio anayo, mdomo anao. Nilifoka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuchungulia. Nilimwita mwizi, nilimwita na mengine ambayo wanangu wakisoma hapa nitakosa pa kuweka uso.

Baba akanigonga begani nitulie. Akamsalimia yule kijana kwa Kisukuma, taratibu, "Mwadila," akamwomba amshikishe kila spika ndogo aliyonayo. Akawa anagonga boksi kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anarudisha. Zilipofika zile nyeusi za rafu ya chini akagonga mara mbili, akasema ziwashwe. Muuzaji kama kawaida yake akafungua sauti mpaka mwisho.

"Punguza," Baba akasema. "Punguza tena. Bado."

Mpaka ikawa sauti ya mtu anayenong'ona kanisani. Duka zima likanyamaza. Baba akasogeza sikio kwenye moja, akahamia ya pili, akarudi ya kwanza, akasema tubadilishane na zile ndefu. Muuzaji akakubali haraka, anaona amempata mjinga, maana zile za taa ataziuza tena wiki hii hii. Mtu wa kuziuzia atampata, mimi mwenyewe nimeshakuwa mmoja wao.

Kuzifunga amesimamia yeye. Nyaya nimevuta mimi, lakini kila kitu ni amri yake: inua, hapana hiyo juu mno, lete usawa wa masikio, geuza kidogo, zisiangaliane na mlango. Nilikuwa sijamsikia Baba akitoa amri tangu alipokuja hapa. Watoto walikuwa wanakimbizana kumletea bisibisi.

Jioni, tukisubiri watoto waoge ndipo tuwashe sinema, nimemuuliza kwa nini Jumapili hakusema kitu. Akanijibu bila ukali. Akasema, "Nyie mkishaamua, mimi nitasema nini? Mnaongea juu ya kichwa changu kama mimi ni meza."

Nikaanza kujitetea. Nikasema tulitaka kumfurahisha, ni spika tu Baba, tumeshazibadilisha.

Akasubiri nimalize.

"Na shamba langu la Ipililo," akauliza, "mmelikodisha kwa nani?"

Sikuwa nimemwambia. Tulilipanga mimi na Masanja kwa simu, mwezi uliopita, mimi nimesimama jikoni na mlango umefungwa. Ekari zake mwenyewe alizolima pamba kila alipotoka zamu, tumempa mtu alime msimu huu, na mwenye shamba alikuwa chumba cha pili akinisikia. Mwezi mzima amejua. Mwezi mzima amepokea chai yangu na kusema asante.

Nimemwambia yote. Jina la mtu, ekari ngapi, kwamba wazo lilikuwa langu kabla halijawa la Masanja. Machozi yalinitoka, na nilikasirika hata kwa hayo machozi, kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa amekaa mbele yangu, mkavu kabisa.

Akasema niwashe sinema, watoto wasikose haki yao, ila nimpigie Masanja aje kesho asubuhi, na yule aliyekodi shamba aje naye.

Nimeshawapigia wote wawili. Masanja ameuliza kikao ni cha nini na nani atakiongoza, nikamjibu, "Baba."