Shibiri Tatu za Mwisho

Jumatatu, 10 Mei 1976

Leo wamekuja watoto kumi na mmoja na mwalimu wao. Nilikuwa napepeta ulezi. Mwalimu Anyelwisye — yule kijana mrefu wa Mbeya anayefundisha historia — alianza na shikamoo nyingi mpaka nikajua kuna jambo.

Anasema darasa la saba hawasomi tena historia ya dunia kwa kukariri tu. Kila kundi linachunguza watu wa nchi fulani, halafu linatengeneza kitu chao kwa mikono. Kundi la Misri walijenga piramidi la udongo nyuma ya jiko la shule. Mbuzi akalipanda, likaporomoka. Kundi la Uchina wanachemsha maganda ya mahindi wapate karatasi, na mpaka sasa wamepata uji. Watoto wakacheka, nami karibu nicheke. Kisha akasema kundi la sita ni la Wafipa wa kale, na wamesikia kwangu kuna kitanda cha kufumia nguo.

Wa kale! Mume wangu Wilibrodi amekufa tarehe 23 Januari. Ulezi huu ninaoupepeta tuliupanda wote wawili.

Nikawaambia mwenye kitanda si wa kale, na kitanda hakitoki hapa. Wakashukuru, wakaondoka mstari mmoja. Nilitaka angalau mmoja akasirike, nipate wa kugombana naye.

Jumatano, 19 Mei

Binti mmoja wa kundi lile la sita, Cornelia, amerudi peke yake. Mara ya tatu sasa. Mara ya kwanza alikuja na daftari, mara ya pili na kuni. Leo amekaa upenuni mbele ya kitanda, hakugusa kitu, akauliza jina la mfumaji. Nikasema Wilibrodi. Akaliandika, akalipigia mstari kwa rula.

Nimeongea sana. Miezi minne sijaongea hivyo. Nikamwambia Wilibrodi alikuwa mtu wa Kaoze, kule bondeni pamba inakoota, na kwao kufuma ni kazi ya wanaume. Dada yake ndiye aliyesokota nyuzi, akawa anampa mtu yeyote anayepanda huku juu. Nyingine zilifika na harufu ya samaki. Nikamwonyesha nyuzi za mtande zilivyovutwa kati ya miti miwili, na ubao wa kugongea, ulivyoliwa upande mmoja na mkono wake. Akifuma alikuwa akihesabu kwa Kifipa, akifika kumi anakohoa. Huko ni kukohoa kwa mazoea, si kule kwa mwisho.

Shuka iliyobaki kwenye kitanda hicho ni ya Silvana, mwanetu. Anajifungua Julai, huko Namanyere. Baba yake alisema mjukuu wa kwanza hatabebwa kwa khanga ya dukani.

Cornelia akauliza kama yeye, msichana, anaruhusiwa kujifunza. Nikasema aliyeweza kukataza hayupo. Alasiri Mwalimu amekuja na kundi zima, nimewapa kitanda kwa wiki tatu. Mwalimu ameahidi mbele yangu: wataangalia, watapima, watatengeneza chao kwa katani. Cha Wilibrodi hakiguswi.

Jirani yangu Marsiana aliwaona wakikibeba. Akaniambia nimetoa maiti ili watoto wachezee. Nimemnyima chumvi jioni. Najuta kidogo, si sana.

Jumamosi, 29 Mei

Miezi minne na siku sita tangu Wilibrodi afe. Katekista amenishika bega kanisani, akasema nishukuru, wengine wanaugua mwaka mzima kabla ya kufa. Nimshukuru nani kwa hesabu hiyo?

Upenuni pako wazi. Nilikuwa nimezoea kukaa pale asubuhi na kuisoma ile shuka. Mwanzo wake umeshikana, huwezi kupitisha ukucha. Hiyo ni Septemba. Kuna mahali uzi umeegemea kushoto — alikuwa na jipu kwenye kwapa. Halafu Krismasi, bado imeshikana. Halafu shibiri tatu za mwisho zinaanza kulegea. Alikuwa anagonga mara mbili badala ya nne. Kisha mara moja. Mwishoni kabisa unaona mwanga kupitia kitambaa. Nilimwambia aache. Akasema mkono ukiacha utasahau.

Habari hii sikumwambia Cornelia. Ni yangu.

Jumanne, 8 Juni

Siwezi kukaa. Nimekaa. Nimesimama tena.

Leo yalikuwa maonyesho shuleni. Kijiji kizima tumeitwa. Baridi na upepo, watoto wametandika kila kitu kwenye madawati: piramidi limerudi, karatasi ya maganda imepatikana, ngumu kama chapati ya juzi. Wamejitahidi, nilikuwa nafurahi! Nikafika meza ya sita. Pale pana kitanda cha katani, kizuri, cha kwao. Na kando yake cha Wilibrodi.

Nikapitisha kiganja juu ya shuka kama nilivyozoea. Mwanzo, jipu, Krismasi. Mkono ukaendelea kuteleza. Hakuna kulegea. Nikarudia. Imeshikana mpaka ncha! Imeshikana kuliko Septemba.

Cornelia alisimama pale anatabasamu. Akasema, "Tumekurekebishia, Mama."

Wamezifumua. Shibiri tatu zote. Wamechomoa uzi mmoja mmoja kuanzia mwisho kurudi nyuma, wakauzungusha kwenye kijiti, wakafuma upya kwa uzi uleule. Siku tisa, amesema, baada ya masomo. Mkaguzi wa shule alikuwa amepita akaona sehemu mbovu, akasema kazi yenye kasoro haiendi kwenye maonyesho ya Mbeya. Mwalimu akawauliza nani anaweza. Cornelia akaweza. Anaweza kweli, ndiyo mbaya zaidi! Mtoto wa miaka kumi na minne anafuma vizuri kuliko marehemu.

Na kuna kikaratasi: UFUMAJI WA KALE WA WAFIPA. KAZI YA WANAFUNZI WA DARASA LA SABA.

Nilitoka nje nikashika ukuta wa choo. Marsiana akanifuata. Nilitazamia maneno yake ya maiti. Akanifunga khanga vizuri tu, akanirudisha nyumbani.

Shibiri zile tatu za mwisho hazipo. Alizifanya, nilimwona akizifanya, na sasa hazipo popote.

Jumatano, 9 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mbonile. Nilivaa vizuri. Nilijiambia nitasema polepole.

Nikaomba shuka na kitanda. Akanipa kiti, akaniita mama yetu, akasema shule inanishukuru. Lakini orodha imeshapelekwa. Ijumaa lori linapeleka vitu vya shule zote za hapa kwenye maonyesho Mbeya, huenda vikateuliwa kwenda Dar es Salaam. Nikauliza vitarudi lini. Akasema vitu vya taifa havina kurudi, vina kutunzwa.

Nikasema basi waandike jina lake. Akavua miwani. Akasema hapa tunafundisha watoto kwamba kazi ni ya wote. Jina la mtu mmoja juu ya kazi ni ubinafsi, hata yeye aliyejenga madarasa haya hakuandika jina lake. (Madarasa tulijenga sisi! Wilibrodi alibeba mawe. Nilikuwa nyuma yake na maji.)

"Mzee alifuma kwa ajili ya taifa, Mama Silvana, hata kama hakujua."

"Alijua, Mwalimu. Alifuma kwa ajili ya kumbeba mtoto mmoja mgongoni."

Akasema nina uchungu, anaelewa. Mwalimu Anyelwisye alikuwa amekaa dirishani wakati wote, anaangalia viatu vyake. Alipewa nafasi ya kusema. Akasema wanafunzi walifanya kwa nia njema. Najua walifanya kwa nia njema! Nani amesema nia? Nikamkumbusha ahadi yake: hakiguswi, na nikamweleza kulegea kule kulikuwa mkono wa Wilibrodi ukiisha nguvu. Akasema aliona ni kama kushona nguo ya mtu iliyochanika kabla ya kuirudisha. Kwao Mbeya ungefanya hivyo, ungepewa ndizi.

Na mimi? Ningesema maneno matatu tu tarehe 19 Mei. Usiguse hapa mwishoni. Niliona aibu. Niliona si jambo la kumwambia mtoto, jinsi mkono wa mume unavyoisha nguvu. Basi nao wakaona ni kasoro. Wangeona nini kingine?

Bado nina hasira nao. Hata nikijua, bado.

Alhamisi, 10 Juni

Cornelia amekuja saa kumi. Macho yamevimba. Mwalimu ndiye aliyemweleza, baada ya mimi kuondoka jana ofisini.

Akapiga magoti mlangoni. Akasema daftarini jina lipo, Wilibrodi, yeye aliliandika pia kwenye kikaratasi cha kwanza, Mwalimu Mkuu akalikata. Nikasema sawa. Akasema anaweza kufumua tena leo usiku, amezungumza na mlinzi. Halafu akasema:

"Nionyeshe alivyokuwa analegeza, Mama. Nitalegeza vilevile."

Nilimpigia kelele. Mimi, ambaye Silvana hajawahi kunisikia nikipaza sauti. Nilimwambia hawezi kulegeza, hajaumwa, ana mkono mzima. Nilimwambia aondoke na mikono yake. Nilisema neno la Kifipa ambalo sitaliandika. Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki.

Nimekiweka kiatu juu ya kinu. Soli imetoboka ikazibwa kwa mpira wa baiskeli. Mwenye kufanya kazi ile safi hivyo ni yeye mwenyewe, najua. Huyu ni mtu asiyeweza kuona kitu kimelegea akakiacha.

Nimeiona hasira yangu leo ilikokwenda. Ilipita kwa Mwalimu Mkuu ikakaa kwenye kiti na kusema polepole. Ilipofika kwa mtoto ikapata sauti.

Ijumaa, 11 Juni

Naandika magotini, mwandiko mbaya. Niko juu ya lori.

Nilifika shuleni kabla ya gwaride la asubuhi. Nilikuja kurudisha kiatu tu, ndivyo nilivyojiambia, nikamkabidhi mtoto mmoja amfikishie Cornelia. Lori lilikuwa limeshapakiwa nusu: vinyago vya shule nyingine, piramidi ndani ya sanduku la chai, kitanda cha Wilibrodi kimeviringishwa pamoja na shuka yake, kimefungwa kwa kamba ya katani. Wapakizi walikuwa wanakunywa uji. Nikapanda kwa gurudumu. Nikakaa, nikaliweka lile furushi mapajani. Si zito. Nilikuwa nimesahau kwamba si zito.

Dereva alidhani ninaomba lifti. Akaniuliza ninashukia wapi. Nikamwambia kitakaposhukia hiki.

Mwalimu Mkuu alikuja na filimbi shingoni. Aliniamuru, akanibembeleza, akaniamuru tena. Akasema ninachelewesha mkoa mzima. Nikamwambia nipo tayari kushuka, na nitashuka na changu. Akasema si chako. Nikamwuliza ni cha nani, ataje jina. Wanafunzi mia nne walikuwa kwenye mstari wanasikiliza. Akanigeuzia mgongo. Akamwambia Mwalimu Anyelwisye apande anishushe.

Anyelwisye akapanda mpaka ubavuni pa lori. Akatazama mikono yangu, akatazama kamba. Akamjibu mkuu wake kwa sauti ya chini kwamba hawezi kumgusa mama wa watu. Akashuka, akasimama pale pale chini, na bado amesimama.

Sasa wametuma mtu kumwita balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu ana miguu mibaya, atachukua muda. Dereva amezima injini. Anasema mafuta si yake.

Marsiana ananiita kutoka kwenye ua nishuke ninywe uji, kisha nipande tena, hasira haikimbii. Wapakizi wanacheka. Mimi sicheki.

Cornelia ametoka kwenye mstari bila ruhusa. Filimbi imepulizwa, hakugeuka. Amepanda kwa nyuma, amevaa kile kiatu, amekaa upande wa pili wa furushi na kushika ncha yake kwa mikono yote miwili. Haniangalii.

Sikumwambia ashuke.