Mzee Aliyetafuta Soda

Jumanne, Same

Nilitaka maji ya baridi tu, lakini mzee mmoja wa Bombo, kule milimani, alikuwa mbele yangu dukani, akiuliza ladha ya kila soda. Jua lilikuwa kali. Nikachoka.

"Shikamoo mzee. Chukua yoyote basi."

"Marahaba, mwanangu. Ni ya mke wangu, amelazwa. Hataki kula. Natafuta ile tuliyokunywa siku ya harusi, jina limenitoka."

Nikaona aibu. Marehemu baba, tukishuka naye mjini, alikuwa akikawia hivyohivyo kumchagulia mama soda, nami nikimvuta shati tuondoke. Leo ningemsubiri hata kutwa.

"Ilikuwa inawasha koo?" nikamuuliza.

"Sana."

"Basi ni ya tangawizi."

Akaondoka ameikumbatia ile chupa. Sijui kama mkewe amekunywa.