Risasi Kwenye Mchicha

Kaka yangu mpenzi,

Hatujambo, ila nina habari nzito. Bwana shamba amepima udongo wa bustani yetu, akakuta madini ya risasi. Zamani palikuwa na karakana ya betri. Mama alimaka, "Mchicha wangu mwenyewe?" Akaung'oa wote. Tumechanganya chokaa na mboji, vishike risasi ardhini isipande kwenye majani. Tutapima tena kabla ya kula.

Lakini mwanao, uliyetuachia, amekuzwa kwa mchicha ule. Jana daktari katuambia risasi imeshaingia kwenye damu yake.

Leo mtoto kaomba mboga, mama akakimbilia nje akilia. Njoo, kaka. Peke yangu siwezi kuwabembeleza wote wawili.

Mdogo wako