Kurasa za Mama Mdogo

Jumatatu, 4 Machi
Bosi ameniita ofisini. Anataka ushauri: kitabu kipya cha hesabu tukipange kwa programu ileile ya kuburuta vitu kwa kipanya, au tuhamie mfumo wa alama niliosomea chuoni — unaandika maagizo ndani ya maandishi, kompyuta inapanga yenyewe. Nijibu mbele ya wote Jumatatu ijayo. Kisha, kama anayezungumzia hali ya hewa: tukihama, asiyeuweza atapumzishwa.

Asiyeuweza ni nani? Mpangaji kurasa tunaye mmoja tu. Mama mdogo wangu. Aliyenilea. Aliyeniombea kazi ya ukarani katika kampuni hii ya vitabu.

Jumanne, 5 Machi
Chumba chake ni kilekile. Meza ya mbao, na chini yake nafasi niliyokaa kila nikitoka shule, mgongo kwenye maboksi ya karatasi. Enzi hizo alikata maandishi kwa mkasi na kubandika. Harufu ya gundi ilimfuata nyumbani, hadi kwenye mto wa kulalia. Kipanya kilipokuja alinung'unika wee, kisha akakipenda.

Leo nimemkuta amegeuza ukurasa juu chini, amefinya macho. Anatafuta "mito" — nafasi nyeupe zinazoteremka katikati ya maneno. Nilimsaidia kuitafuta kabla sijajua kusoma. Nikiuona mto, napata biskuti. Nilidhani watu wazima wote hufanya kazi hiyo.

Sijamwambia nilichoulizwa. Nadhani anajua.

Alhamisi, 7 Machi
Jaribio. Sura moja: yeye kwa kipanya, mimi kwa alama.

Nilisahau kufunga mabano, hakikutoka kitu. Hata ukurasa mmoja. Fundi wa kujalidi, tunayemwita Gundi, akaja kuchungulia. "Vipi karani, kitabu kimegoma?" Mama mdogo akamwambia aniache, mtoto anafikiri. Mtoto! Mbele ya watu.

Baadaye mwandishi wa kitabu akaongeza zoezi katikati ya sura. Kwangu namba zote zikajisogeza, hadi majibu ya nyuma. Mama mdogo kila "tazama ukurasa" ameiandika kwa mkono, arekebishe moja moja. Ndivyo kitabu cha hesabu kilichopita kilivyotoka na majibu ya zoezi lingine. Walimu walipiga simu mpaka dada wa mapokezi akachomoa waya wa simu.

Lakini kurasa zake ni nzuri kuliko zangu. Zinapumua. Hilo naliandika hapa tu.

Ijumaa, 8 Machi
Chakula hakipiti. Mama mdogo amesema nimekonda, labda nimeolewa na kompyuta bila yeye kualikwa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimesema. Hesabu tupange kwa alama. Vitabu vya picha vya watoto abaki navyo mama mdogo, kwa kipanya. Nilijiona nimepata njia.

Bosi akasema mifumo miwili ni vurugu. Mmoja. Alama. Mama mdogo ana hadi mwisho wa mwezi kuujua.

Gundi alitazama viatu vyake. Mama mdogo alikunja miwani, akatoka bila kunitazama. Asubuhi yote sikusikia kikohozi chake wala kiti chake.

Baada ya chakula cha mchana amekuja akikokota kiti hicho, akakiweka kando yangu.

"Haya, mwalimu. Tuanze."

Nikafungua faili. Mabano, mistari ya mshazari, maneno yamebanana. Akashika kipanya, akakisogeza huku na huku. Hapakuwa na cha kuburuta.

"Ukurasa uko wapi?"

Nikamwambia haupo bado. Kwanza unaandika, halafu unaagiza, ndipo unauona.

"Kwa hiyo napanga nisichokiona."

"Ndiyo, mama."

Akaondoa mkono kwenye kipanya. Kisha akasema anakwenda kunawa uso.

Naandika haya haraka kabla hajarudi. Bosi amemkuta kwenye korido, namsikia akimuuliza somo linaendaje. Mama mdogo anacheka, kicheko chake cha wageni. Anasema ni rahisi tu, ameshashika, mwalimu wake anajua kufundisha.

Hajaandika hata herufi moja. Bosi anasema vizuri, basi anakuja kuona mwenyewe — wanakuja wote wawili. Nafunga daftari.