Ukuta Uliosikika Mtupu

Jumamosi, 2 Oktoba 1976
Mvua. Clifford ameanza tena habari ya ukuta. Anataka sebule ya mbele na chumba cha nyuma viwe kimoja, kama ilivyofanya nusu ya Bristol. Kutwa anaugonga kwa vidole. "Unasikia, Enid? Mtupu! Vibao na plasta. Haubebi hata nzi." Mama yake akamjibu kutoka ngazini kwamba ukuta huo aliukuta na atauacha. Chumba cha mama kiko juu ya ukuta huo kabisa. Nataka mwanga, Mungu anisamehe. Nyumba nyembamba hii, mchana naosha vyombo taa ikiwaka.

Jumatatu, 4 Oktoba
Nimeenda kwa Beryl Pobjoy, jirani. Nyumba zetu ni pacha: ngazi zilezile, ukuta mmoja kati yetu. Ila yeye ameshabomoa! Jua linaingia mbele, linatokea bustanini. Wivu umenishika. Anasema fundi wake alitanguliza chuma cha kubeba ghorofa. Chuma! Nikamfikishia Clifford. Akacheka — Beryl kaingizwa mjini.

Jumatano, 6 Oktoba
Amebomoa. Vumbi mpaka kwenye siagi. Na ndani si vibao tu — kulikuwa na boriti mbili nene, zimekaa mshazari kama miguu ya mtu aliyejitanua abebe gunia. Nikamwambia, Cliff, hizo hazikuwekwa kwa urembo. "Umekuwa mhandisi lini, mke wangu?" Akachukua msumeno. Nilitoka nje nikasimama mvuani kwa hasira.

Alasiri mvua ikakatika. Mwanga! Mwanga kweli! Nimezunguka katikati kama mtoto. Halafu juu kitu kikalia, kwii. Mara moja tu.

Ijumaa, 8 Oktoba
Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, hapa ngazini.

Tangu jana kabati la mama mkwe linafunguka lenyewe. Leo Beryl kaja mbio, kwake kuna ufa. Clifford anasema nyumba inajiweka sawa, basi. Saa nne nikapanda na chai ya mama — mlango haufunguki. Nikausukuma kwa bega. Sakafu ikashuka, nimeisikia kwenye nyayo! Clifford akaja na nyundo.

"Usiuguse!" Mama, kutoka ndani. Sijapata kumsikia hivyo. "Mkisukuma, dari inanimwagikia. Huo mlango ndio umeshikilia!"

Nyundo ikabaki hewani. Akaiweka chini polepole, akashuka.

Beryl amewapigia simu zimamoto. Dirishani mama hawezi kutoka peke yake, nyonga yake mbovu. Clifford amepanda juu ya meza huko chini, mabega yakishikilia boriti ya dari, hathubutu hata kujikuna. Anauliza kila mara, "Mama, upo?" Mama anamjibu yupo, aende wapi?

Chai imepoa kando yangu.

Sasa hivi mama ameniita taratibu, mdomo karibu na mlango. Anauliza, Clifford yuko palepale? Nikasema yupo.

"Mwambie atoke hapo chini. Mimi nimeshaishi."

Nimeshuka ngazi mbili. Naziona soksi za Clifford juu ya meza. Anauliza mama kasemaje.

Kwii —

Nimemwambia kwamba mama anataka chai nyingine.