Saa Nyeusi ya Misibani

Jumapili. Mawingu tangu alfajiri, ziwa limechafuka, na mimi pia.

Wanaonijua hapa Katubuka hunicheka kwa saa zangu za mkononi. Nina ya mkanda wa ngozi kwa ajili ya misa, ya rangi ya dhahabu kwa ajili ya harusi, ya plastiki ya kushukia mwaloni kununua dagaa, na nyeusi isiyong'aa kwa ajili ya misiba. Siwezi kwenda kumlilia mtu na dhahabu mkononi.

Tatizo ni ile nyeusi.

Wiki iliyopita tulimzika mzee mmoja wa jumuiya yetu kule Kasingirima. Mimi ndiye niliyepangwa kusoma wasifu wa marehemu. Nikafika nikiamini nimewahi, nikakuta wanaweka mashada, na wasifu keshausoma mtu mwingine, tena kwa makosa. Mjane hata mkono hakunipa. Saa yangu ilikuwa nyuma kwa saa nzima.

Fundi wa saa wa pale mtaa wa Mwanga akaifungua, akasema betri ni nzima. Nikairekebisha, nikairudisha kabatini. Juzi naitazama: nyuma tena, kwa saa moja ileile. Nikairekebisha tena. Saa mbovu huchelewa ovyo ovyo, haichagui. Hapo nikajua kuna mkono wa mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nyumbani tupo wawili tu, mimi na mke wangu Daforoza, maana binti yetu Neema yuko shule ya bweni. Nilimuuliza, akasema hajui, huku akisugua sufuria iliyokwisha takata. Nikaanza kumchunguza kama askari wa mpakani. Nikadhani anataka niaibike. Nikadhani na mabaya zaidi, kwamba kuna mwanamume anayefurahi nikichelewa kurudi. Naona haya kuyaandika.

Leo nimeaga kwenda misa ya pili, nikageuza njiani. Nimemkuta amekaa kitandani, saa nyeusi mkononi, anazungusha kitufe cha pembeni.

"Baba Neema, hii huivai sana, ndiyo maana nikaichukua," akasema. "Huko kwa mama sasa hivi ndiyo saa moja. Anawasha moto. Ulivyochelewa mazishini nikaogopa kusema, na kuacha nikashindwa."

Mama yake aliishi kwenye kambi ya wakimbizi miaka yote tangu walipokimbia, Daforoza akiwa mtoto. Mwezi uliopita alipanda basi la wanaorudi Burundi. Na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Mimi mtu wa Kigoma, ambaye simu yangu hubadili saa yenyewe kila nikienda Kagunga mpakani, sikulifikiria hilo hata kidogo.

Nikamwambia aivae, iwe yake. Akaitika, "Ego," kwa Kirundi chao, akaifunga mkononi.

Ningepaswa kulala na moyo mweupe.

Sina. Begi lake la bluu, lililokaa juu ya kabati tangu tuoane, jioni hii limeshushwa na kufutwa vumbi. Nimelinyanyua akiwa jikoni. Bado ni jepesi. Nampenda na ninaogopa, na sijui nitaulizaje bila kurudi kuwa yule askari.

Kesho nitashusha na la kwangu, niliweke kando ya lake. Kisha nitazame kama atalirudisha juu, au atalifuta vumbi.