Mzee Kuldip Alivyokifumua Chambo

Miska, acha unachokifanya usome hapa. Wallahi siamini.

Kaka Sufian karudi sasa hivi kutoka Ilford, London, kwa yule Mzee Kuldip aliyemfundisha kufunga vyambo vya manyoya vya kuvulia samoni. Mzee siku hizi yuko nyumba ya wazee, akili inakuja na kuondoka.

Kampelekea chambo alichohangaika nacho miezi. Manyoya ya rangi, uzi wa hariri, kizuri utasema kitaruka. Kesho alikuwa aende nacho Scotland kuvua, akataka mzee akione kwanza.

Mzee kakipokea. Kakitazama weee. Kisha akaanza kukifumua!

KUKIFUMUA, Miska! Unyoya mmoja mmoja, kwa kucha zake. Sufian akamwambia, "Mzee, taratibu, hiyo kazi yangu." Mzee hata hakuinua macho. "Nani alikufunza? Kichwa umekifanya kinene, maji yatakipindua."

Nani alikufunza! Anamuuliza yeye!

Nesi akataka kumnyang'anya, anaogopa ile ndoana. Sufian ndiye aliyemzuia. Kasimama tu pale, manyoya yanaanguka juu ya blanketi.

Ilipobaki ndoana tupu, mzee akamtilia Sufian kiganjani. "Anza tena. Ukimaliza, mpelekee Sufian akione. Hapa London, fundi ni yule tu."

Sufian akaifunika ndoana kwa vidole. Akajibu, "Haya, mzee. Nitampelekea."